Kupanga Kumbukumbu Kabla ya Kuziandika: Vitu, Sifa na Uhusiano katika Hifadhidata

Shule yoyote yenye maktaba, hata ikiwa maktaba yenyewe ni kabati moja tu katika chumba cha walimu, huwa na daftari la kuazimisha vitabu. Daftari hilo hupigwa mistari na kugawanywa katika safu: tarehe, jina la mwanafunzi, kidato, jina la kitabu, mwandishi, tarehe ya kurudisha, na sahihi. Shule inapopata kompyuta, kazi mojawapo ya kwanza huwa ni kulihamisha daftari hilo jinsi lilivyo, safu kwa safu, na kuliingiza katika mashine. Wanaofanya hivyo hudhani kwamba wamekwisha tengeneza hifadhidata. Kwa hakika wamehamisha matatizo ya zamani na kuyatia katika chombo kipya, tena chombo chenye uwezo wa kuyazidisha kwa kasi kubwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hifadhidata inavyopangwa kabla ya kuandikwa hata neno moja ndani yake. Mfano tutakaoufuata ni huo huo wa maktaba ya shule. Msomaji asiye na kompyuta asivunjike moyo, kwa maana kila jambo litakaloelezwa hapa laweza kufanywa kwa kalamu, karatasi na kadi chache za manila. Mpango ni kazi ya akili, na mashine huja baadaye.

Kasoro za daftari moja

Tuchukue riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1971. Tuseme shule ina nakala 40 za riwaya hiyo, na kila nakala huazimwa mara 6 kwa mwaka. Daftari litakuwa na mistari 240, na katika kila mstari jina la riwaya na jina la mwandishi vimeandikwa upya. Mtunza maktaba ni binadamu. Afikapo mstari wa mia atakuwa ameandika mahali fulani "Rosa Mistica", pengine "E. Kezilahabi", na kwingineko "Kezilahabi E." Jicho la msomaji husamehe tofauti kama hizo. Kompyuta haisamehi: kwake hizo ni riwaya mbili zenye waandishi watatu, na ukiiuliza shule ina vitabu vingapi vya Kezilahabi itakupa jibu la uongo bila ya kuona haya.

Kasoro ya pili ni kwamba kitabu ambacho hakijaazimwa hakina mahali pa kuandikwa. Sanduku la vitabu vipya likifika leo, daftari la kuazimisha halijui habari zake mpaka mwanafunzi wa kwanza atakapokuja kuchukua kimoja.

Kasoro ya tatu ni mbaya kupita hizo mbili kwa sababu hufanyika kimya. Mwisho wa mwaka mtunza maktaba anaamua kufuta mistari ya wanafunzi waliokwisha ondoka. Kama kulikuwa na kitabu kilichoazimwa mara moja tu, na aliyekiazima ni mmoja wa hao walioondoka, basi kufutwa kwa mstari wake kunafuta pia habari kwamba shule inacho kitabu hicho. Kitabu kipo rafuni, lakini katika kumbukumbu kimekufa.

Kasoro zote tatu zina shina moja. Mstari mmoja umebebeshwa habari za mambo mengi yasiyotegemeana: habari za mtu, habari za kitabu, na habari za tukio la siku fulani. Kuyatenganisha mambo hayo, kisha kuyafunga tena kwa namna iliyo wazi, ndiyo kazi yenyewe ya kupanga hifadhidata.

Njia hii ilikotoka

Hifadhidata za kwanza za kompyuta hazikutungwa kwa ajili ya maktaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Charles Bachman, akifanya kazi katika kampuni ya General Electric ya Marekani, alibuni mfumo ambao ndani yake kumbukumbu ziliunganishwa kama mafundo ya wavu. Kuanzia mwaka 1966 kampuni ya IBM pamoja na washirika wake walitengeneza mfumo mwingine, uliopangwa kama mti wenye shina na matawi, kwa ajili ya kufuatilia vipuri visivyohesabika vya roketi ya mradi wa Apollo. Mifumo yote miwili ilifanya kazi, lakini ilimtaka mtumiaji ajue njia: atoke fundo hili, apite tawi lile, ndipo aifikie habari aitakayo. Bachman mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1973, alimfananisha mtungaji wa programu na mwongoza chombo baharini. Mfano huo ni mzuri, lakini unaonyesha pia taabu iliyokuwapo. Si kila atakaye kujua bei ya msumari anastahili kwanza kusomea unahodha.

Mwaka 1970 Mwingereza mmoja, Edgar Codd, aliyesomea hisabati Oxford na wakati huo akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alitoa pendekezo la kuiacha njia hiyo kabisa. Habari zote, alisema, ziwekwe katika majedwali ya kawaida, na majedwali hayo yatazamwe kama vile hisabati inavyotazama uhusiano, yaani seti ya mistari iliyopangwa. Mwanafunzi aliyekwisha jifunza seti na mahusiano katika hisabati za sekondari anao tayari msingi alioutumia Codd. Faida yake kubwa ni kwamba mtumiaji hutaja anachokitaka, na mashine yenyewe hutafuta njia ya kukifikia. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza lugha ya kuulizia majedwali hayo, na kizazi cha lugha hiyo, SQL, ndicho kinachotumika hadi leo katika mabenki, hospitali na vyuo vikuu.

Codd alieleza vizuri jedwali linavyotenda kazi. Lakini mtu aliyekaa mbele ya karatasi tupu bado alikuwa na swali: majedwali yawe mangapi, na yawe ya nini? Swali hilo ndilo alilolishughulikia Peter Chen, mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa akifundisha katika chuo cha MIT, katika makala yake ya Machi 1976. Chen alishauri kwamba kabla ya kufikiria majedwali, mpangaji achore picha ya mambo yenyewe jinsi yalivyo duniani. Katika picha hiyo kila aina ya kitu huchorwa ndani ya mstatili, na kila uhusiano ndani ya umbo la almasi; sifa za kitu, kama desturi ilivyokuja kukaa, huandikwa ndani ya duaradufu. Mistari huviunganisha.

Kitu ni nini

Kitu, kwa maana inayotumika hapa, ni jambo lolote linaloweza kutambuliwa peke yake na ambalo tunataka kuweka kumbukumbu zake. Mwanafunzi ni kitu, mtihani ni kitu, hata safari ni kitu. Mwalimu wa Kiswahili huenda akanuna kusikia mtu akiitwa kitu. Namwomba radhi, na kumhakikishia kwamba ngeli ya mwanafunzi haijabadilika.

Namna iliyo rahisi ya kuvipata vitu ni kuandika sentensi fupi fupi za kweli kuhusu shughuli inayohusika. Mwanafunzi huazima kitabu. Mwandishi huandika kitabu. Mchapishaji hutoa kitabu. Nomino hutuelekeza kwenye vitu, na vitenzi kwenye uhusiano. Chen alilionyesha jambo hili kwa sentensi za Kiingereza mwaka 1983, na kwa maoni yangu Kiswahili hulitimiza vizuri zaidi, kwa sababu kitenzi chetu kina viambishi vinavyomtaja mtenda na mtendwa waziwazi. Ukitaka kuusoma uhusiano kutoka upande wa pili, ligeuze tendo kuwa la kutendwa: nakala huazimwa na mwanafunzi. Uhusiano ni ule ule mmoja, na haina haja ya kuuchora mara mbili.

Lakini sentensi zile tatu zina mtego, na ni mtego huu unaotenganisha mpango mzuri na mbaya. Neno "kitabu" limetumika mara tatu kwa maana tatu. Kitabu alichokiandika mwandishi ni kazi ya sanaa: Kusadikika ya Shaaban Robert ni moja tu, popote isomwapo. Kitabu alichokitoa mchapishaji ni toleo: Kusadikika ilitoka mara ya kwanza mwaka 1951, na matoleo mengine yakafuata. Kitabu alichokiazima mwanafunzi ni nakala, yaani karatasi zenyewe zilizoshonwa, zenye doa la chai ukurasa wa 12. Mwanafunzi akipoteza kitabu, hakuipoteza kazi ya Shaaban Robert, wala toleo la mchapishaji. Amepoteza nakala moja, na ni hiyo anayopaswa kuilipa.

Wengi hudhani kwamba namba ya kimataifa ya vitabu, ISBN, inatatua shida hii. Namba hiyo ilikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 1970, ikiwa na tarakimu 10, na tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Inachotambulisha ni toleo. Nakala zote 40 za toleo moja huwa na namba moja, na kwa hiyo haiwezi kutuambia ni ipi kati ya hizo iliyopotea. Aidha vitabu vya kabla ya miaka hiyo havina namba hiyo kabisa. Hapana budi shule igonge muhuri wa namba yake kwenye kila nakala. Kwa maktaba kubwa ya chuo ningeshauri kazi, toleo na nakala vitenganishwe vyote vitatu. Kwa maktaba ya shule ya sekondari, toleo na nakala vinatosha.

Ufunguo

Kila aina ya kitu inahitaji sifa moja au zaidi zitakazokitofautisha kitu kimoja na kingine bila shaka yoyote. Sifa hizo huitwa ufunguo. Kosa la kawaida ni kulifanya jina kuwa ufunguo. Katika shule yenye wanafunzi 800 haikosi Neema John wawili au Juma Ali watatu, na huyo huyo mmoja ataandikwa Mohamed mwaka huu na Muhammad mwaka ujao. Hata waandishi mashuhuri hawakusalimika. Mwandishi wa tamthilia Hatia ya mwaka 1972 na Nguzo Mama ya mwaka 1982 anajulikana kwa jina la Penina Muhando; kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu sanaa za maonyesho na maendeleo ya Afrika kimetoka kwa jina la Penina Mlama. Ni mtu mmoja. Hifadhidata inayotegemea jina itamgawa mara mbili, na mwanafunzi atakayetafuta kazi zake zote atazipata nusu.

Mfano mwema wa ufunguo wa kuungwa ni namba ya mtihani itolewayo na Baraza la Mitihani la Tanzania. Namba hiyo huanza na namba ya kituo, ikafuatwa na namba ya mtahiniwa ndani ya kituo hicho. Mtahiniwa 0001 wapo katika vituo vingi, hivyo sehemu ya pili peke yake haimtambulishi mtu. Tena namba hizo hutumika upya kila mwaka, na kwa hiyo mwaka pia ni sehemu ya ufunguo. Tazama vilevile kinachotambulishwa. Mtu aliyefanya mtihani wa Kidato cha Nne, akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha akafika Kidato cha Sita, atakuwa na namba tatu tofauti. Ufunguo huo ni wa mtu katika mtihani fulani wa mwaka fulani, wala si wa mtu mwenyewe. Shule itakayoutumia kama namba ya kudumu ya mwanafunzi itajikuta inawahesabu watu zaidi ya waliopo.

Uhusiano na idadi zake

Baada ya kuvipata vitu, tunauliza kuhusu kila uhusiano: kimoja cha upande huu kinaweza kufungamana na vingapi vya upande ule? Swali liulizwe pande zote mbili. Toleo moja laweza kuwa na nakala nyingi, ilhali nakala moja ni ya toleo moja tu: huo ni uhusiano wa moja kwa nyingi. Mwandishi mmoja aweza kuandika vitabu vingi, na kitabu kimoja chaweza kuandikwa na wengi, kama vile tamthilia ya Harakati za Ukombozi ya mwaka 1982, iliyoandikwa na Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na Penina Muhando: huo ni wa nyingi kwa nyingi.

Hapa ndipo watu wengi hutafuta njia ya mkato kwa kupiga safu mbili, "mwandishi wa kwanza" na "mwandishi wa pili". Mwandishi wa tatu wa Harakati za Ukombozi atakaa wapi? Na hata tukipiga safu ya tatu, atakayemtafuta Muhando itambidi amtafute katika safu tatu kila mara, na safu mbili kati ya hizo zitakuwa tupu kwa vitabu vingi. Dawa ni kuupa uhusiano wenyewe jedwali lake, lenye mstari mmoja kwa kila jozi ya kitabu na mwandishi.

Uhusiano wa kuazima una mambo zaidi. Kwa dakika moja nakala huwa mikononi mwa mwanafunzi mmoja tu, na mpangaji wa haraka ataandika moja kwa nyingi na kusonga mbele. Lakini tukitaka kumbukumbu za mwaka mzima, nakala hiyo imepita mikono sita. Tarehe ya kuazima nayo ni sifa ya nani? Si ya mwanafunzi, kwani ana tarehe nyingi. Si ya nakala, kwa sababu hiyo hiyo. Ni sifa ya tendo. Tendo likiwa na sifa zake mwenyewe limekwisha kuwa kitu, na lugha yetu inakubali: kitenzi "azima" kinazaa nomino "uazimaji".

Kutoka picha hadi majedwali

Picha ikikamilika, majedwali hutoka karibu yenyewe. Kila mstatili huwa jedwali. Uhusiano wa moja kwa nyingi huandikwa kwa kuweka ufunguo wa upande wa moja ndani ya jedwali la upande wa nyingi. Ufunguo huo huitwa ufunguo mgeni, kwa kuwa kwao ni kwingine. Uhusiano wa nyingi kwa nyingi hupata jedwali lake. Maktaba yetu yatakuwa hivi:

MWANAFUNZI: namba ya usajili, jina, mwaka wa kuingia
TOLEO: namba ya toleo, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka
NAKALA: namba ya nakala, namba ya toleo, tarehe ya kupokelewa
MWANDISHI: namba ya mwandishi, jina
UANDISHI: namba ya toleo, namba ya mwandishi
UAZIMAJI: namba ya uazimaji, namba ya nakala, namba ya usajili, tarehe ya kuazima, tarehe ya kurudisha

Jina la Rosa Mistika sasa limeandikwa mara moja katika TOLEO badala ya mara 240. Vitabu vipya vinaingia NAKALA siku vinapofika. Mistari ya UAZIMAJI ya zamani yaweza kufutwa bila ya kitabu chochote kutoweka. Safu ya kidato tumeiacha kwa makusudi, maana hubadilika kila mwaka. Anayeihitaji aunde jedwali la mwanafunzi, mkondo na mwaka.

Bado kuna safu moja ya kuangaliwa sana, nayo ni tarehe ya kurudisha. Ikiwa tupu, ina maana gani? Yamkini nakala haijarudi. Yamkini ilirudi siku ya mvua, ikapokelewa na mwalimu wa zamu, na hakuna aliyeandika. Yamkini ilikwisha tangazwa kupotea na kulipiwa. Hali tatu zimefichwa ndani ya nafasi moja tupu, na mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayekuja kuchukua cheti chake huonyeshwa nafasi hiyo kama ushahidi dhidi yake. Atalipa, au atarudi nyumbani bila cheti, kwa deni ambalo pengine hana. Kwa hiyo mpangaji mwangalifu ataongeza safu ya hali, yenye maneno machache yaliyokubaliwa: haijarudi, imerudi, imepotea, imelipiwa. Ataongeza pia jina la aliyepokea. Mashine haiwezi kuzuia mwalimu wa zamu asisahau, lakini angalau haitaufanya usahaulifu wake uonekane kuwa kosa la mtoto.

Zoezi la ratiba

Kwa walimu watakaopenda kulijaribu jambo hili darasani, ratiba ya masomo ni uwanja mzuri, kwa sababu ina uhusiano unaofunga vitu vitatu kwa pamoja: mwalimu hufundisha somo katika mkondo. Wanafunzi wengi watataka kuuvunja uhusiano huo kuwa jozi tatu, yaani mwalimu na somo, mwalimu na mkondo, somo na mkondo. Wape mfano huu. Mwalimu Asha anafundisha Fizikia katika 3A na Hisabati katika 3B. Mwalimu Baraka anafundisha Hisabati katika 3A na Fizikia katika 3B. Jedwali moja la vitu vitatu litakuwa na mistari minne. Sasa waandike zile jozi tatu. Kila jedwali litakuwa na mistari minne pia: Asha na Baraka kila mmoja ana masomo yote mawili, kila mmoja ana mikondo yote miwili, na kila mkondo una masomo yote mawili. Hakuna kilichosahauliwa, na hakuna mstari wa uongo. Kisha waombe waturudishie ratiba kutokana na majedwali hayo matatu. Watapata miunganiko minane inayowezekana, na hawatakuwa na njia ya kujua ni minne ipi iliyo ya kweli; kwani hata Asha na Baraka wangebadilishana vipindi vyote, majedwali hayo yangebaki vile vile, herufi kwa herufi.